Lile Dude Lilikuvuta Kweli, Mama

Mama, shikamoo.

Nimeandika hiyo shikamoo halafu nikakaa kimya, kama mjinga, nasubiri marahaba. Ungeniona ungenicheka mpaka ushike kiuno. Basi nimejiitikia mwenyewe, tuendelee.

Sisi huku Ipagala hatujambo. Mji umebadilika, ukirudi leo utapotea. Nyumba zimeota mpaka kule tulikokuwa tukikata kuni, na ile safari ya Dar iliyotumaliza siku nzima kwenye basi sasa kuna treni ya umeme, unakunywa chai Dodoma, mchana unakula samaki Dar. Vumbi peke yake halijahama. Mjukuu wako uliyempa jina lako, Mbutolwe, ana maneno huyo! Anauliza kila kitu mpaka baba yake anakimbilia kibarazani. Juzi kaniuliza, "Mama, kuku akilala anaota?" Nikasema sijui. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwonea huruma mwanafunzi aliyefeli. Hiyo ni damu yako, mimi simo.

Lakini sikukaa chini kukuandikia habari za kuku. Nina jambo, Mama, mpaka mikono inaniwasha. Lile swali lako, ulilokuwa ukiniuliza kila nikija likizo, "We Nyemo, hivi mle kichwani mwangu kuna nini?", nimepata jibu lake. Si lote. Nimepata nusu, na hiyo nusu imenichekesha na kuniliza kwa wakati mmoja, nikaona siwezi kukaa nayo peke yangu wakati mwenyewe ni wewe.

Ngoja nianze mbali kidogo. Unajua mimi hadithi fupi siziwezi.

Unakumbuka tulivyokupeleka Dar. Ulikuwa umeshaanguka shambani, umeanguka kanisani katikati ya wimbo, umeanguka jikoni ukaunguza mkono. Daktari wa hapa akasema mtu mzima akianza kifafa uzeeni bila sababu, lazima kichwa kitazamwe ndani. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza chuo cha mionzi. Kuvaa koti jeupe najua, lililobaki sijui. Ukaingia kwenye chumba cha MRI ukawaamkia wote "Mbukwenyi!" kana kwamba umefika kwenye ngoma Mvumi, wakakulaza kwenye ile meza, wakakusukuma ndani ya lile pipa lao kubwa lililolala, na sisi tukakaa nje kwenye benchi kusikiliza makelele yake. Gonga, gonga, gonga, halafu mlio mrefu, halafu gonga tena.

Mara tukamsikia yule kijana wa mashine akisema kwenye kipaza sauti, "Mama, tulia, usitikise vidole." Baada ya muda tena, "Mama, tafadhali!" Ulipotoka akakuuliza, kwa adabu kabisa, ulikuwa unapigapiga nini mapajani. Ukamwambia, "Mwanangu, hilo dude lenu linapiga ngoma vibaya. Nilikuwa nalisahihisha." Ee Mama! Wewe na muheme wako! Hakukuwa na mwanamke Mvumi nzima aliyeweza kukaa na ngoma mapajani ikalia kama ilivyolia kwako, na ulikuwa huwezi kuvumilia mtu akiharibu mdundo, hata kama ni mashine ya serikali.

Halafu ukasema jambo la pili. Ukaweka kidole katikati ya paji la uso, juu ya ile alama yako ya duara, ukasema, "Na lilinivuta hapa." Yule kijana akatabasamu. "Ni hofu tu, mama. Wengi wanahisi hivyo." Ukakunja midomo. Kwenye basi, kutoka Morogoro mpaka tunaingia Dodoma, hukuwa na habari nyingine. "Hofu! Mimi hofu naijua, hofu inakaa tumboni. Hiki kilikuwa hapa." Mimi nilitazama dirishani.

Majibu yakaja. Picha ilionyesha kitu cheusi sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Karatasi ya daktari ilisema huenda ni damu ya zamani, huenda ni kitu kingine, na kwamba eneo lile halionekani vizuri. Mjomba Yona, kaka yako, akalitafsiri kwa Kiswahili chake: kichwa kina shimo. Basi, likawa shimo. Ukapewa dawa za kifafa, na tangu siku hiyo ukitoa neno kwenye kikao cha familia utamsikia mtu pembeni, "Mwacheni, si mnajua hali yake." Na wewe badala ya kukasirika ukaligeuza mchezo. Chumvi ikizidi kwenye mlenda, "Msinilaumu, imepitia shimoni." Ukasahau jina la mtu, "Limetumbukia hilo, ngoja nilivue." Zile picha ukazilaza chini ya godoro zisijikunje, na kila mgeni akija unazitoa. "Karibu uone kichwa changu." Mchungaji alizishika juu chini, akasema Bwana asifiwe.

Nilicheka na wote. Lakini wakiondoka ulikuwa ukiniita. "Wewe ndiye unayesomea haya mambo. Mle kuna nini?"

Siku ile uliyoangukia kisimani sitaiandika. Wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sasa nisikilize. Baada ya mavuno haya yaliyopita, Mama mdogo Sechelela kaanza kuanguka. Ndiyo, mdogo wako. Ya kwanza ilimkuta kwenye maharage yake kule Kibakwe, mlimani, wakamkuta amelala kati ya matuta, amejiuma ulimi mpaka damu. Ya pili ikamkuta sokoni. Nilipopigiwa simu nikakaa kwenye ngazi za hospitali kama mgonjwa. Na Mjomba Yona naye, wala hakungoja, akasema mbele ya watu kwamba hili ni la ukoo. Mbutolwe kaanza, Sechelela kafuata, sasa anayefuata ni nani? Akaniangalia mimi. Halafu akamwangalia mwanangu, Mama. Mtoto mdogo, anachezea visoda sakafuni. Nilitamani kumrushia kikombe.

Nikamleta Mama mdogo kwangu. Siku hizi mimi ndiye yule kijana wa mashine, tena hapa hapa Dodoma, na lile dude ninaliendesha kwa mikono yangu. Ungeniuliza linafanyaje kazi, na safari hii ningeweza kukujibu. Ni sumaku, Mama. Sumaku kubwa mno, haizimwi usiku wala mchana. Miili yetu imejaa maji, na ndani ya maji kuna vitu vidogo kuliko vumbi ambavyo kila kimoja kina tabia ya kisumaku. Ukilala ndani ya lile pipa vinajipanga kuelekea upande mmoja. Mashine inavigonga kwa mawimbi kama ya redio, vinayumba, halafu vinarudi mahali pake, na katika kurudi vinatoa mnong'ono. Sikio la mtu halisikii, mashine inasikia. Maji matupu yana namna yake ya kurudi, mafuta yana yake, damu iliyoganda ina yake, na kutokana na tofauti hizo picha inachorwa. Hakuna mwanga mle. Ni kusikiliza tu. Wewe uliyekuwa ukijua mgonjwa wa mlango wa pili kwa kikohozi chake ungeelewa upesi kuliko wenzangu chuoni.

Na kuna namna nyingi za kusikiliza. Kuna namna inayowinda damu ya zamani na chuma, hata chembe. Kuna namna inayofuata maji yanavyopita kwenye nyuzi za ubongo, ikazipaka rangi, nyekundu, kijani, buluu, ungesema ni shanga za ngoma. Kuna nyingine inayoonyesha sehemu gani ya ubongo inafanya kazi mtu akicheza vidole. Hiyo kila nikisoma habari zake nakuona wewe umelala mle, unasahihisha mdundo. Ningetoa chochote nione ubongo wako ulikuwa unawaka wapi.

Basi. Kabla mtu hajaingia lazima tumuulize, maana sumaku ile haina utani. Una chuma mwilini? Risasi? Pini ya mfupa? Kifaa cha moyo? Kipande kilichowahi kukuingia jichoni? Mama mdogo akasema hana. Akavua hereni, akavua pini ya kitenge, akavua hata kamba ya rozari aliyopewa na jirani yake Mkatoliki ingawa yeye ni Mwanglikana, alikuwa ameibeba kwa tahadhari. "Sina chuma mimi, hata sindano naziogopa." Nikamwingiza.

Alipotoka alikaa kwenye meza, akaweka kidole katikati ya paji la uso, akasema, "Nyemo, hilo dude limenivuta hapa."

Ee Mama! Maneno yale yale. Kidole pale pale. Alama ile ile ya duara, maana yeye anayo kama wewe. Nikakimbilia kwenye kioo cha picha, na pale, nyuma ya paji la uso, cheusi. Mahali pale pale pa kwako. Nilimsikia Mjomba Yona sikioni kabisa, la ukoo, la ukoo, nikamfikiria mwanangu na visoda vyake.

Daktari wetu wa kusoma picha ni mama mmoja wa Kondoa, Dokta Zuhura, mtaratibu, haongei mpaka amalize kutazama. Akatazama. Akasema, "Hii hainiingii akilini kama ugonjwa. Inanikalia kama chuma. Muulize tena." Nikarudi kumuuliza tena. Mama mdogo akakasirika. "Nimekwambia sina. Unanifanya mwongo?" Na alikuwa hasemi uongo, hilo nataka ulishike.

Nikabaki na picha zile. Hapo ndipo nilipoona jambo lililoninyima usingizi kwa furaha. Kwenye namna moja ya kupiga, kile cheusi kilikuwa na ukubwa wa ndimu. Kwenye ile inayowinda chuma kilikuwa kama chungwa. Kwenye nyingine kimevutwa upande mmoja, kimekuwa na mkia. Sasa, ugonjwa gani unanenepa na kukonda na kuota mkia mgonjwa akiwa bado amelala pale pale? Uvimbe ni uvimbe, shimo ni shimo. Kitu kinachobadilika kila ukibadili namna ya kusikiliza hakiko kwenye ubongo. Kipo kwenye kusikiliza kwenyewe, kuna kitu kinaipigia mashine kelele sikioni. Nilienda chooni nikajitazama paji la uso kwenye kioo. Mimi sina alama. Enzi zangu mlikuwa mmeshaacha kuchanja watoto.

Jioni nikaingia stoo nikafukua ile redio yako, spika ilishakufa siku nyingi, nikang'oa sumaku yake. Mama mdogo alikuwa uani anachambua choroko. Nikamwambia, "Mama mdogo, naomba paji lako la uso." Akasema, "Limekuwa kopo, la kuombwa?" Lakini akaliinua. Nikasogeza sumaku, polepole.

Ngozi ikanyanyuka, Mama! Ile duara, katikati yake, ikainuka kama mtu anavyoinua shuka kwa ncha ya kidole. Nikirudisha sumaku nyuma, inalala. Nikisogeza, inainuka. Mwanangu anaruka, "Tena! Tena! Mama, tena!" Na Mama mdogo anapiga kelele, "Ehee! Si nilikwambia? Ndivyo lilivyonifanya lile dude lako!"

Nikamwambia, sasa wewe si ulisema huna chuma? Akaniangalia kama anavyoniangalia mwanangu. "Chuma gani? Hiyo ni dawa."

Ndipo akanisimulia, jambo ambalo wewe hukuwahi kunisimulia, au ulidhani nalijua. Mlipokuwa wadogo vikope viliingia kijijini, watoto wanaamka macho yamegandana, wengine wakapofuka. Watu wakawa wanawachanja watoto alama ya paji la uso, ndiyo tiba ya macho waliyoijua. Lakini baba yenu alikuwa mhunzi. Alama tupu haikumtosha kwa binti zake. Akazoa yale magamba yanayoruka kwenye fuawe akipiga jembe la moto, akayasaga mpaka yakawa unga, akachanganya na mafuta ya nyonyo, akawachanja, akawasugua ule unga kwenye jeraha mpaka ukakaa. Ili macho yenu yawe makali. Wewe ulikuwa wa kwanza, ulilia mpaka Mama mdogo akatoroka, wakamkamatia kwenye zizi la mbuzi. Wewe mwenyewe ndiye uliyemshikilia, kasema, na bado ana kinyongo.

Miaka yote nilidhani ule weusi wa alama yako ni kovu tu. Kumbe ulikuwa unatembea na karakana ya baba yako usoni. Ulipanda naye basi mpaka Dar. Ulilala naye ndani ya sumaku, naye akavutwa, na wewe ukasema amevutwa, na wakakuambia ni hofu.

Kesho yake nilimweleza Dokta Zuhura. Mtu mtaratibu yule alisimama akapiga makofi. Halafu akaketi akawa mkali: tusikimbilie kumrudisha mle, chuma kwenye ngozi kinaweza kushika moto. Kwanza akapigwa CT, picha ya mionzi isiyotumia sumaku, na pale kwenye ngozi, nje kabisa ya mfupa, tukaona chembe nyeupe zimetawanyika kama punje za ulezi. Ubongoni CT haikutupa jambo la uhakika. Dokta akasema sasa tunajua adui wa picha ni nani, tumzunguke. Tukajipanga. Tukaacha namna zile zinazosumbuliwa na chuma, tukachagua zinazosikiliza upesi kabla hakijaharibu, tukageuza upande wa kupiga ili kivuli chake kisiangukie kwenye ubongo. Tukamwekea kitambaa cha maji baridi kwenye paji la uso, tukampa mpira wa kubonyeza akisikia joto. Nilikuwa naona nyayo zake tu kupitia kioo. Hazikutikisika. Wewe ungeshaanza muheme.

Kile cheusi kikanywea. Kilibaki kidogo tu pembeni, na nyuma yake, mahali ambapo mimi na ukoo mzima tulikuwa tunaona shimo, kukatokea ubongo. Ubongo wa kawaida, na mikunjo yake. Na ndani ya mkunjo mmoja, kifuko. Cha mviringo, cha maji, na ndani ya kifuko nukta.

Dokta Zuhura akasema, "Huyo ni tegu."

Mtoto wa mnyoo wa nguruwe, Mama. Mayai yake hutoka kwa mtu mwenye mnyoo, yakaingia kwa mikono, au mboga, au maji, na mengine yakipotea njia hufika mpaka kichwani, yakajijengea nyumba. Ubongo ukichoshwa na mgeni huyo, mtu anaanguka. Kule Kibakwe nguruwe wanazurura kama kuku na vyoo ndivyo unavyovijua. Hakuna ukoo hapo, hakuna aliyeroga. Vipimo vya damu vikakubali. Akalazwa, akapewa dawa ya minyoo na dawa ya kutuliza uvimbe, dawa za kifafa zikaendelea, daktari akimchungulia kila siku. Hajaanguka tena. Majuzi tumempiga picha nyingine, kifuko kimesinyaa.

Mjomba Yona alikuja kumwona. Nikamwonyesha picha, nikamweleza taratibu. Akauliza, "Kwa hiyo lile shimo?" Nikamwambia hakukuwa na shimo, Mjomba, si kwa huyu wala kwa Mama. Akavua kofia yake akaiweka mapajani. Halafu akasema, "Na mimi nilimnyamazisha kwenye kikao kile cha mahari." Hiyo aje akuambie mwenyewe.

Sasa nakuja kwenye ile nusu nyingine, na hapa kalamu inakuwa nzito.

Nilichukua picha zako kabatini, zile za chini ya godoro, nikampelekea Dokta Zuhura. Akaziweka kwenye taa. Akauliza kama wewe na mdogo wako mlikuwa mkiishi pamoja. Nikasema kila mavuno ulikuwa unapanda Kibakwe kumsaidia maharage, mnakaa wiki na wiki, mnakula sahani moja, mnakunywa maji ya mtungi mmoja. Nikauliza, kwa hiyo Mama naye alikuwa na kifuko? Akasema, "Labda." Nikauliza, hakuna namna ya kutazama nyuma ya cheusi? Sasa hivi tuna namna nyingi. Akasema, mahali pale mashine haikusikia kitu siku ile, na kisichosikika hakikuandikwa. Nilipiga simu mpaka Dar kuuliza kama zile sauti zenyewe za siku ile zilihifadhiwa mahali. Hazikuhifadhiwa.

Labda, Mama. Labda kulikuwa na kifuko, na vidonge vingekuondoa kisimani. Labda hakikuwepo, ulikuwa na jingine kabisa. Nimetafuta mtu wa kumkasirikia. Nimemjaribu Babu, nikamwona anasaga magamba yake kwa ajili ya macho ya binti zake, nikashindwa. Nimemjaribu yule kijana wa Dar, naye aliuliza maswali yote aliyofundishwa, una chuma, ukasema huna, na hukuwa mwongo. Sikupata mtu. Nililia chooni, nikanawa uso, nikatoka kumwita mgonjwa aliyefuata.

Lakini ninajua hili moja, na nimekuandikia ili nawe ulijue huko uliko. Kichwa chako hakikuwa na shimo. Ulichokisema kwenye vikao kilikuwa chako, cha akili yako timamu. Na lile dude lilikuvuta kweli, pale pale uliposema.

Tulimuuliza Mama mdogo kama anataka ile alama itolewe, kazi ndogo tu, ili picha za mbeleni zisisumbue. Akaifunika kwa kiganja. "Huyu ni baba. Mwacheni akae." Anarudi Kibakwe wiki ijayo, tayari ameshamsumbua mume wangu apige simu kwa mwenyekiti wa kijiji kuhusu nguruwe na vyoo. Uani kwangu anapiga muheme kwenye ndoo, anaukosea, na hakuna wa kumsahihisha.

Mvua za kwanza zikianguka tutakuja Mvumi kupalilia kaburi. Mbutolwe mdogo kaniuliza kama bibi yake bado ana chuma chake huko chini. Nikamwambia anacho. Tangu hapo sumaku ya redio haitoki mfukoni, basi ukiona mtoto anaipitisha juu ya udongo wako usishtuke. Ni swali tu, kama lile ulilokuwa ukiniuliza.

Na mimi nakuahidi. Maswali ya mlangoni nimeyaongeza: una chuma, ndiyo, lakini pia umewahi kuchanjwa, umewahi kusuguliwa dawa kwenye jeraha, dawa ya nini, nani aliitengeneza. Wazee wanatoka Mvumi, wanatoka Kibakwe, wanatoka kila mahali na alama zao, na ninawatazama usoni kabla ya kutazama karatasi. Kwa heri, Mama yangu. Pumzika na baba yako. Mtu yeyote akitoka ndani ya lile dude akaniambia limemvuta, sitamwambia ni hofu. Nitamuuliza, "Wapi?" Na nitasubiri aweke kidole.

Mwanao,
Nyemo